Kamera Mpakani: Safari ya Busia na Tororo

Basi litokalo Kisumu likishapita Maseno, pale barabara ivukapo mstari wa ikweta, nchi huanza kubadilika kidogo kidogo. Mihogo huzidi mashambani, na katika kila kituo, Luanda, Ugunja, Bumala, gari hujaa watu wenye vikapu, kuku na ndoo za dagaa, ambao huku huitwa omena. Mwisho wa safari ni Busia. Asiyeambiwa hudhani kuwa Busia ni mji mmoja uliorefuka kando ya barabara kuu. Kumbe Busia ni mbili, moja ya Kenya na moja ya Uganda, na baina yao pana lango, msururu wa malori, na vijana wa pikipiki wanaoita abiria kwa lugha tatu kwa mkupuo mmoja.

Kwa masimulizi ya wengi, ni hapa ndipo lilipozaliwa neno boda boda. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kuwavusha watu na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha cha upande huu hadi cha upande ule, wakinadi "Boda! Boda!", yaani mpaka hadi mpaka. Baiskeli zikaja kugeuka pikipiki, na neno likasafiri hata likafika Dar es Salaam, ambako wengi hulitumia bila kujua kwamba lina mji wake.

Mpaka wenyewe si wa kale sana. Hadi mwanzoni mwa mwaka 1902 nchi yote hii, na mbele zaidi hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Waingereza, waliotaka reli yao iwe chini ya utawala mmoja, wakalihamishia jimbo hilo upande wa Kenya. Wasamia na Wateso wakaamka wamegawanywa sehemu mbili bila ya wao kuhama hata hatua moja. Hata leo arusi huvuka mpaka, msiba huvuka mpaka, na ng'ombe wa mahari huvuka vilevile, ijapokuwa hawa wa mwisho hawapigi mhuri.

Mwishoni mwa mwezi wa Mei, mvua za masika zilipokuwa zinapungua, waliteremka hapo wasafiri wawili kutoka Mwanza. Mmoja alikuwa mama wa makamo, mwalimu mstaafu wa somo la sayansi, mwenye daftari la kurasa nyingi alimoandika habari za vipepeo kwa muda wa miaka ishirini. Wa pili alikuwa mpwa wake, kijana fundi umeme, aliyenunua kamera kwa akiba yake na ambaye tangu utotoni alivutwa na minara ya mahekalu ya Kihindu aliyoiona mjini kwao. Shangazi alitaka vipepeo. Kijana alitaka mahekalu ya Tororo. Wote wawili walitaka pia picha za maisha ya vijijini, jambo ambalo wasafiri wengi husema kwa wepesi, kana kwamba maisha ya vijijini ni mti uliosimama njiani unangoja kupigwa picha.

Somo la kwanza walilipata langoni. Tangu mwaka 2018 mpaka wa Busia una kituo kimoja cha pamoja: msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande ule anaoingia, na maofisa wa nchi zote mbili huketi chini ya paa moja. Ni jambo la kupongezwa, kwa maana zamani safari ya hatua mia chache iliweza kumaliza nusu siku. Kijana akapendezwa na umati, mizigo na rangi za kanga, akainua kamera. Kabla hajafumba jicho, askari mmoja alikwisha kumfikia. Hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba mpakani hapapigwi picha, akasimama karibu yake mpaka picha ile ilipofutwa. Msomaji anayekusudia safari kama hii na akumbuke: vituo vya mpaka, madaraja na kambi za majeshi si mandhari ya kamera, na kutojua sheria hakumwokoi mtu.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kijijini.

Kabla ya kuvuka walikuwa wamekwenda upande wa Kenya, mwendo mfupi kwa pikipiki kutoka mjini, kuelekea Mto Sio, kwa kuwa shangazi alisikia kwamba mabonde yale yana vipepeo wengi baada ya mvua. Na kweli walikuwapo. Kwenye matope ya njia, pale ng'ombe walipopita kwenda kunywa maji, vipepeo weupe na wa manjano walikuwa wametua makumi kwa makumi, mabawa yamefumbwa, wakinyonya unyevu. Shangazi akamweleza kijana kwamba aghalabu hao ni madume, na kwamba hawanywi maji kwa kiu bali wanatafuta chumvi zilizomo katika tope na mkojo wa wanyama. Mpiga picha anayewakimbilia hupata picha ya tope tupu. Yampasa achutame mbali, kivuli chake kisiwaangukie, kisha asogee kama mtu anayenyatia kuku wa jirani.

Penye maua kando ya shamba kijana alipiga picha mbili za kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa na madoa meupe. Alidhani ni kipepeo yule yule. Shangazi akazitazama picha kwa miwani, akacheka. Wa kwanza alikuwa yule ambaye wataalamu humwita Danaus chrysippus, ambaye kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe na kuhifadhi sumu yake mwilini, hivi kwamba ndege aliyewahi kumwonja hamgusi tena. Wa pili alikuwa jike la Hypolimnas misippus, asiye na sumu yoyote, aliyevaa sare ya mwenziwe ili ndege wamwogope. Dume lake halifanani naye hata kidogo: ni jeusi, lenye mabaka meupe ya mviringo yaliyozungukwa na zambarau. Kutofautisha majike hayo na kina Danaus kunataka kuyatazama mabawa ya nyuma, kwa maana mlaghai ana doa moja jeusi pale ambapo mwenye sumu ana matatu au zaidi. Shangazi aliandika yote hayo katika daftari akiwa amesimama juani, na kijana akaanza kuona njaa.

Wakafika kwenye boma moja ambapo bibi mzee sana alikuwa akianika vipande vya muhogo juu ya mwamba. Muhogo huo husagwa pamoja na wimbi au mtama, ukapatikana ugali wa rangi ya udongo ambao watu wa Busia hawaubadilishi na wa mahindi ila kwa dhiki. Nyuma yake pana nyumba, mwembe, na mndimu mmoja uliokonda.

"Shikamoo, mama," shangazi akasalimu.

"Marahaba. Basi ninyi ni wa Tanzania," bibi akajibu bila kuinua kichwa. "Karibuni kivulini."

Kijana aliinua kamera. Bibi akajifunika uso kwa leso, si kwa hasira, bali kama mtu anayefukuza moshi.

"Samahani, kukhu," akasema kijana, maana alikwisha kujifunza kwamba ndivyo nyanya huitwa huku. "Nilitaka picha moja tu."

"Wote hutaka moja tu, mjukuu wangu. Walikuja wa hospitali, wakapiga. Wakaja wa kisima, wakapiga. Wazungu wawili nao walipiga nikiwa nimebeba kuni, na hata kunisaidia kutua hawakunisaidia. Kila mmoja alisema, kukhu, tutakuletea. Mimi tangu nilipochukua kipande sijauona uso wangu kwenye karatasi." Kipande ndicho kitambulisho cha taifa, na picha yake ni ndogo kama ukucha.

Kijana aliteremsha kamera, asijue la kujibu. Shangazi ndiye aliyesema kwamba wakirudi kutoka Tororo watapita tena.

"Hivyo ndivyo walivyosema," akasema bibi. Akageuza vipande vya muhogo. Kisha akaonyesha mndimu kwa kidevu. "Mpigeni huyo mdudu. Yeye hana haja ya kujiona."

Pale juu ya mndimu alikuwako kipepeo mkubwa mweusi, upana wa kiganja, mwenye madoa ya manjano hafifu, akiruka kutoka jani hadi jani na kuinamisha tumbo. Huyo ni Papilio demodocus, naye alikuwa akitaga, yai moja moja juu ya majani machanga. Kijana alipata picha nzuri kuliko zote za safari, bawa likiwa limepigwa na jua la saa tano. Shangazi, aliyeanza kumsifu, akanyamaza alipoyatazama matawi. Viwavi walikuwa wamejaa. Wadogo wao ni weusi wenye baka jeupe, mtu akiwaona hudhani ni mavi ya ndege, na ndiyo hila yao. Wakubwa ni wa kijani, na wakibonyezwa hutoa pembe mbili za rangi ya machungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Huo mndimu haukukonda kwa ukame.

Mwalimu hakustahimili. Akakunja mikono ya gauni, akaanza kuwaokota mmoja mmoja na kuwatia katika kopo la maji ya sabuni, akimweleza bibi kwamba mti mmoja au miwili ya nyumbani haihitaji dawa ya dukani. Yatosha kukagua majani machanga kila wiki wakati wa mvua. Viwavi wanne akawaacha. Bibi alimuuliza kwa nini. "Ili mwakani pia tuwaone," akajibu. Bibi hakuonekana kuridhika na hoja hiyo, na kwa haki, kwani ndimu zilikuwa zake.

Kesho yake walivuka na kwenda Tororo. Mtu hauoni mji kwanza, huuona mwamba. Ni kisiki cha volkano ya kale, kimesimama peke yake juu ya nchi tambarare, kilele chake kikifikia karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na siku ya anga safi Mlima Elgon huonekana kaskazini mashariki kama ukuta wa buluu. Chini yake mji umetulia. Barabara zina miti ya maua, nyumba za maduka zina baraza za nguzo kwa mtindo wa wafanyabiashara wa Kihindi, na katikati ya hayo yamesimama mahekalu.

Walifika saa saba mchana, wakakuta pamefungwa. Mzee mmoja wa Kijopadhola aliyekuwa akifagia ua akawaeleza, kwa Kiswahili kifupi cha Uganda, kwamba adhuhuri miungu hupumzika na pazia huvutwa. Warudi jioni, wavue viatu mlangoni, na kuhusu picha wamuulize kuhani. Kijana akatumia muda ule kutazama kwa nje. Mnara wa hekalu la Kihindu huitwa shikhara, na maana yake ni kilele cha mlima: mjenzi hukusudia kwamba aingiaye ahisi anaingia pangoni chini ya mlima. Katika Tororo mnara na mwamba wa kweli huweza kuingia katika picha moja, ikiwa mpiga picha ana subira ya kutafuta mahali pa kusimama.

Wahindi hao walifikaje hapa? Reli ya Uganda ilijengwa kuanzia 1896 hadi 1901 kwa mikono ya vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 walikufa, wengi walirudi kwao, na maelfu kadhaa wakabaki. Lakini wenye maduka wa Tororo na Busia si wote wana wa vibarua hao. Wengi walikuja wenyewe baadaye, hasa kutoka Gujarat, wakaifuata pamba iliyoanza kulimwa Uganda mwaka 1903 na njia ya reli iliyopita Tororo kwenda Jinja na Kampala. Walifungua duka la nguo, chumvi na mafuta ya taa, wakanunua pamba, wakakopesha. Walipopata uwezo wakajenga hekalu. Hata ufundi wa picha katika Afrika Mashariki unawadai kitu watu wa asili hiyo: huko Unguja Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na Mombasa vizazi vya watu walivaa vizuri wakaenda kwa N. V. Parekh. Kuna methali ya pwani inayomtukana Baniani na kukisifu kiatu chake. Watu huitamka kwa kicheko. Ni vema kuisikiliza upya mbele ya hekalu lililoachwa.

Kwa maana liliachwa, na habari yake ilianzia papa hapa. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin aliwahutubia askari katika kambi ya Tororo, akatangaza kwamba Waasia watoke Uganda. Walipewa siku 90. Zaidi ya watu 50,000 waliondoka kabla ya siku ile ya mwisho mwezi wa Novemba, wakiruhusiwa fedha za pauni 50 hivi na mizigo michache. Zaidi ya 27,000 walipokewa Uingereza. Wengine walipakiwa katika treni za kwenda Mombasa kupanda meli, na treni hizo hazina njia nyingine isipokuwa kupita Tororo. Maduka yakagawiwa, mahekalu yakabaki bila waumini. Sheria ya kurudisha mali ilipitishwa mwaka 1982, ingawa kurudi kwenyewe kulishika kasi katika miaka ya 1990, na waliorudi ni sehemu ndogo tu.

Serikali ya wakati ule haikukosa wapiga picha. Mwaka 2015 katika jengo la shirika la utangazaji la Uganda zilikutwa filamu kiasi cha 70,000, kazi ya wapiga picha wa wizara ya habari, na mwaka 2019 baadhi yake zikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho, Kampala. Zimejaa gwaride, hotuba, zawadi na mikono ikipeanwa. Mateso ya miaka ile hayaonekani, kwani kamera ile ilikwenda ilikotumwa. Basi mwenye kutaka kujua Tororo ya kabla ya 1972 hana budi kuliangalia hekalu lenyewe, na aliangalie vizuri.

Jioni kengele ilipigwa, pazia likafunguliwa, taa za samli zikazungushwa mbele ya masanamu yaliyovikwa maua. Waumini hawakufika ishirini. Kuhani aliruhusu picha za ua, mlango na ukumbi, akakataza za madhabahu. Kijana alitii, na katika ukumbi alipiga picha ya viatu vya waumini vilivyopangwa kizingitini, jozi kumi na saba, na mzee mfagiaji ameketi kando yao akivilinda. Alipoombwa ruhusa mzee huyo aliitoa mara moja, akasema tu isionekane kana kwamba analala. Shangazi akamuuliza kama aliwafahamu wale walioondoka. "Nilikuwa mtoto," akasema. "Duka la mtaani kwetu walilifunga kwa kufuli, kisha wakampa baba ufunguo, kama watu wanaorudi Jumatatu."

Siku ya kurudi, basi la Kisumu lilikuwa liondoke Busia saa nane. Kijana alikwenda kwenye studio ya picha karibu na stendi, akachapisha ile ya kipepeo juu ya mndimu katika karatasi kubwa. Akapendekeza impelekwe bibi kwa mkono wa mwendesha pikipiki, kwani muda ulikuwa mfinyu. Shangazi alimtazama kwa namna ambayo wanafunzi wake wa zamani wangeitambua, na wakaenda wote wawili.

Bibi aliishika picha ile kwa mikono miwili. Aliutambua mti wake kabla ya kumtambua kipepeo. Kisha, bila kusema neno, akaingia ndani, akakaa humo hata kijana akaanza kutazama saa. Alipotoka alikuwa amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, akaagiza kiti kiwekwe chini ya mndimu, akaketi wima.

"Sasa piga."

Kijana alipiga. Alirudi mjini kwa pikipiki, akachapisha, akarejea jua likiwa linazama, na basi la saa nane lilikwisha kuondoka zamani. Bibi aliitazama sura yake kwa muda mrefu, akaigeuza kuona kama nyuma pana kitu, akaitazama tena.

"Kumbe nimezeeka hivi," akasema. Halafu akauliza nakala ya pili i wapi, maana ana mwana upande wa Uganda naye atataka yake.

Kijana akachukua kamera, akaenda kumwita tena mwendesha pikipiki.